Kabla ya kupasua uvimbe wa shingo, tazameni nyuma ya pua

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie sehemu ya mwili ambayo wengi hawajui kama wanayo: kichumba kidogo nyuma ya pua, juu ya kaakaa laini, pale hewa inapopinda kushuka kooni. Ukifungua mdomo mbele ya kioo hukioni. Daktari akikandamiza ulimi kwa kijiti naye hakioni, kwa kuwa kaakaa na kidakatonge vimekiziba. Saratani ikianza humo hukua kimya, na dalili ya kwanza mara nyingi hutokea mbali na mzizi wake.

Dalili hiyo kwa wagonjwa wengi ni uvimbe wa shingo. Hatusemi rovu, lile linalokaa mbele ya koo na kupanda na kushuka mtu anapomeza. Tunasema uvimbe wa pembeni, chini ya sikio au nyuma ya msuli mkubwa wa shingo, mgumu, usiouma, unaoongezeka polepole. Mgonjwa huenda zahanati akapewa amoksilini. Uvimbe haushuki. Akirudi, hupewa antibayotiki nyingine. Baada ya hapo njia hugawanyika mbili, na zote mbili ndizo zilizotufanya tuandike: ama anaanzishiwa dawa za TB ya matezi bila uvimbe wenyewe kupimwa, na dawa hizo ni za miezi 6, ama anapelekwa chumba cha upasuaji, shingo inapasuliwa na tezi linatolewa, ilhali hakuna aliyetazama nyuma ya pua.

TB ya matezi ipo, tena ni nyingi huku kwetu, na hatumlaumu anayeifikiria kwanza. Tunachokataa ni kuitibu kwa kubahatisha wakati kipimo kipo. Sindano nyembamba ya geji 22 au 23, bomba la mililita 10, vioo viwili vya darubini na pombe ya asilimia 95 vinatosha kuanza. Daktari anachoma uvimbe, anavuta huku akisogeza sindano huku na huku, anaachia mvuto kabla ya kuichomoa, kisha anapaka kioo kimoja kikauke kwa hewa na kingine anakitumbukiza kwenye pombe papo hapo. Kinachobaki ndani ya sindano kinasuuzwa na kupelekwa kwenye mashine ya GeneXpert kutafuta vimelea vya TB. Kwa kazi ya dakika chache unakuwa umeuliza maswali mawili kwa pamoja, na ngozi ya shingo haijapata kovu.

Kwa nini tunang'ang'ania kisu kisitangulie? Mitaani husemwa kwamba saratani ikiguswa na chuma husambaa, na watu wamekimbia hospitali kwa ajili ya neno hilo. Neno hilo lina ukweli mdogo uliokuzwa kupita kiasi. Kunyofoa kinyama nyuma ya pua kwa koleo ndogo hakusambazi ugonjwa kwa namna ya kumzidishia mgonjwa hatari, na bila kinyama hicho hakuna daktari wa mionzi atakayekubali kumtibu. Lakini kupasua tezi la shingo na kulikata kipande kabla ya kujua saratani imetoka wapi ni jambo jingine. Ganda la tezi likipasuka, seli huweza kumwagikia nyama na ngozi ya jirani. Kovu huvuruga mpaka wa ugonjwa, na anayepanga mionzi hulazimika kupanua eneo. Na mzizi wenyewe unabaki palepale, unaendelea kulisha matezi mengine. Kupasua shingo kuwe hatua ya mwisho, baada ya kamera, sindano na picha kushindwa kutoa jibu. Hapo tezi litolewe zima, lisikatwe vipande.

Shingo si dalili pekee. Ubavuni mwa kichumba hicho hufunguka mrija unaoingiza hewa kwenye sikio la kati. Uvimbe ukiuziba, maji hujikusanya nyuma ya ngoma ya sikio, na mgonjwa hulalamika kwamba sikio moja limeziba kama mtu aliyetoka kuogelea. Mtoto kupata maji ya sikio ni kawaida. Mtu mzima kuyapata upande mmoja tu, bila mafua, kwa zaidi ya wiki 3, ni sababu tosha ya kutazamwa nyuma ya pua, na atazamwe kabla mtu hajamwekea kijirija kwenye ngoma ya sikio na kumruhusu aende zake. Wengine huona makamasi yenye michirizi ya damu, hasa yale wanayoyavuta nyuma na kuyatema asubuhi. Wachache huja wakiwa wamechelewa: wanaona vitu viwili viwili kwa sababu mshipa wa fahamu unaogeuza jicho upande wa nje umebanwa chini ya fuvu, au shavu limekufa ganzi, au kichwa kinauma upande mmoja usiku na mchana.

Wapo wanaodhani huu ni ugonjwa wa watu wa mbali. Ni kweli kwamba umeenea zaidi kusini mwa China, na Afrika Kaskazini nako upo kwa wingi. Lakini madaktari waliofanya kazi Nairobi waliandika juu yake tangu miaka ya 1960, na hapa kwetu huwapata hata vijana, wanaume zaidi ya wanawake. Aina iliyo nyingi huambatana na kirusi cha Epstein-Barr, kirusi ambacho kiligunduliwa mwaka 1964 ndani ya seli za uvimbe wa taya za watoto wa Uganda, uvimbe ambao daktari mpasuaji Denis Burkitt alikuwa ameueleza akiwa Kampala. Tahadhari moja hapa: karibu kila mtu mzima amewahi kuambukizwa kirusi hicho. Karatasi ya maabara inayosema una kingamwili zake haikuambii kwamba una saratani, na anayekuuzia kipimo hicho peke yake kama "kipimo cha saratani ya koo" anakula pesa yako bure. Maana yake hubadilika kirusi kinapoonekana ndani ya seli za saratani zenyewe. Kikionekana kwenye tezi la shingo, daktari anajua mahali pa kwanza pa kutafuta ni nyuma ya pua.

Sasa kamera. Ziko za aina mbili. Ya chuma, iliyonyooka, unene wa milimita 4 au 2.7, yenye kioo kinachotazama mbele au pembeni kwa nyuzi 30. Na ya kupinda, nyembamba kiasi cha milimita 3 hadi 4, inayoweza kufuatilia mpaka kwenye sanduku la sauti. Kwa mtu mzima kazi hufanyika amekaa kitini, macho wazi, bila nusukaputi. Kwanza anaulizwa: unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama aspirini, klopidogreli au wafarini? Unatokwa damu kirahisi? Presha ikoje? Umewahi kudhurika na dawa ya ganzi? Kisha anapenga pua, anapuliziwa zailometazolini pande zote mbili ili nyama za ndani zisinyae, na baada ya dakika 5 hivi anapewa lidokaini ya kupulizia, au pamba nyembamba iliyoloweshwa lidokaini ya asilimia 4.

Hapa ndipo haraka huharibu. Dawa ya ganzi inahitaji dakika 5 hadi 10 kufanya kazi. Asiyesubiri humwumiza mgonjwa, mgonjwa hushtuka, kamera hugonga ukuta wa pua, damu hutoka, na kuanzia hapo kinachoonekana ni wekundu mtupu. Kosa la upande wa pili ni kuongeza dawa bila kuhesabu. Sisi hatupiti miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 50 basi mwisho wake ni miligramu 150. Lidokaini ya asilimia 4 ina miligramu 40 katika kila mililita, kwa hiyo hafiki mililita 4. Chupa ya asilimia 10 hutoa miligramu 10 kila inapobonyezwa, kwa hiyo mibonyezo 15 ndiyo kikomo chake, na aliyekwisha kuwekewa pamba apunguziwe. Midomo ikianza kufa ganzi, masikio yakalia, mgonjwa akasinzia au akaanza kutetemeka, simamisha kila kitu, mpe oksijeni, ita msaada. Pamba zihesabiwe zinapoingia na zinapotoka, zimewahi kusahauliwa.

Kamera hupitishwa sakafuni mwa pua, kati ya ukuta wa kati na nyama ya chini, mpaka mlango wa nyuma. Mwambie mgonjwa apumue kwa pua, kaakaa litashuka na kichumba kitafunguka. Akimeza, mdomo wa mrija wa sikio utaonekana ukicheza. Nyuma ya kivimbe cha mrija huo kuna kishimo, na humo ndimo saratani hii huanzia mara nyingi kuliko mahali pengine. Asiyekijua kishimo hiki hutazama dari, akaona laini, akaandika "kawaida". Kipimo cha jicho ni ulinganifu: kishimo cha kushoto na cha kulia vifanane kina na rangi. Kikijaa kimoja, hata kama ngozi ya juu yake ni laini na haina kidonda, hiyo ni habari. Kamera ipite pua zote mbili, na ya kupinda iendelee kushuka kuangalia mafindofindo, shina la ulimi na sanduku la sauti, kwa sababu uvimbe wa shingo unaweza kuwa umetoka huko.

Mahali pasipo na kamera, kile kioo kidogo cha mpini mrefu hakijapitwa na wakati. Kinapashwa moto kisijae ukungu, kinajaribiwa mgongoni mwa mkono kisiunguze, kisha kinapitishwa mdomoni chini ya kaakaa. Wengine hutapika kabla hakijaonyesha kitu. Ila kikionyesha donge, rufaa iandikwe siku hiyohiyo.

Kuhusu kinyama. Koleo ndefu huingia puani sambamba na kamera, au kamera hupita pua moja na koleo nyingine. Chukua vipande 3 hadi 6 vya milimita 2 au 3, kutoka sehemu tofauti za uvimbe. Eneo jeupe lililooza linavutia kwa sababu ni rahisi kunyofoka, lakini darubini itaonyesha uozo tu. Nenda ukingoni, penye nyama hai. Kama uvimbe umejificha chini ya ngozi laini, mnyofoo wa kwanza hufungua mlango tu. Rudi palepale uchukue wa pili kwa kina zaidi. Usichimbe kuelekea ubavuni, kwa maana nyuma na nje kidogo ya kile kishimo unapita mshipa mkubwa wa damu uendao kwenye ubongo.

Na kuna wagonjwa ambao koleo isiwaguse kabisa kabla ya picha. Kijana wa kiume wa umri wa kubalehe, pua imeziba upande mmoja, damu humtoka mara kwa mara kwa wingi, na kamera inaonyesha donge laini jekundu lililotuna: huo unaweza kuwa uvimbe wa mishipa ya damu ambao si saratani, lakini ukinyofolewa kliniki damu yake inaweza kuua. Apigwe kwanza CT, yaani picha ya eksirei ya kompyuta, yenye dawa ya mshipani. Vivyo hivyo donge lolote linalodunda, au linalovimba mtoto anapolia. Hilo huenda ni utando wa ubongo ulioshuka kupitia tundu la fuvu.

Damu ya kawaida baada ya kinyama hukoma kwa dakika chache ukiweka pamba yenye zailometazolini. Isipokoma, katheta ya Foley, ileile ya mkojo, namba 12 au 14, huokoa: inapitishwa puani mpaka ionekane nyuma ya kaakaa, puto linajazwa maji mililita 5 hadi 10, linavutwa mbele mpaka likwame, kisha mbele ya pua inajazwa shashi. Shashi au pamba iwekwe pia kati ya kibanio kinachoshikilia katheta na ncha ya pua, la sivyo baada ya siku moja ngozi ya pua itakuwa imeoza. Mgonjwa ambaye hakupata shida akae kliniki saa moja, asile wala kunywa mpaka ganzi ya koo iishe.

Tukifika kwenye kikopo, tunaomba wahusika watuvumilie, kwa sababu hapa ndipo kazi nzuri hupotea kijinga. Kinyama kiende kwenye fomalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa, ujazo wake ukizidi wa nyama angalau mara 10. Fomalini hiyo ni sehemu 1 ya ile kali ya dukani na sehemu 9 za maji, pamoja na chumvi zake za kusawazisha. Maji ya chumvi ya dripu hayahifadhi. Nyama itaoza njiani. Fomalini kali isiyochanganywa huikausha juu na kuiacha mbichi ndani. Usikibane kinyama kwa koleo ya meno wala usikikung'ute kwenye shashi, kwa kuwa seli za saratani hii ni laini mno, zikibanwa hunyooka kama nyuzi na mtaalamu wa patholojia anabaki na michirizi ya buluu isiyosomeka. Kitoe kwa ncha ya sindano, polepole. Jina la mgonjwa liandikwe ubavuni mwa kikopo, sio kwenye kifuniko. Vifuniko maabara huvuliwa vyote kwa pamoja. Ukihisi TB, kipande kimoja kiende peke yake bila fomalini.

Mara nyingi ndugu wa mgonjwa ndiye anayepewa kikopo akipeleke. Basi ndugu, kishike wima, usimwage maji yake hata yakinuka, usikigandishe kwenye friji, na kiweke mbali na watoto kwa sababu ni sumu. Kifike maabara siku hiyo au kesho yake. Ukifika, omba namba ya usajili wa kipimo uiandike. Bila namba hiyo, kufuatilia majibu baada ya wiki mbili ni kutafuta sindano kwenye marobota ya katani.

Fomu nayo isomeke. "Uvimbe puani, naomba kipimo" haimsaidii mtu. Andika umri, upande, mahali hasa palipochukuliwa kinyama, shingo ikoje na kwa sentimita ngapi, mishipa gani ya fahamu imeguswa, hali ya VVU, na kama amewahi kutumia dawa za TB. VVU inatajwa kwa sababu maalumu: mtu mzima anayeishi na VVU anaweza kuota upya nyama za pua kama za mtoto, zikajaza kichumba chote bila kuwa saratani. Anaweza pia kupata limfoma, saratani ya chembe nyeupe za damu, mahali hapohapo. Kwa jicho vitu hivi hufanana, kwa hiyo kinyama hakikwepeki.

Majibu yakirudi "saratani isiyo na umbo bainifu", mtaalamu aulizwe kama ametenganisha na limfoma. Seli za saratani hii hukaa katikati ya halaiki ya chembe nyeupe za damu, na kwa rangi za kawaida huweza kuonekana kama limfoma, nayo limfoma ikaonekana kama saratani hii. Rangi za kingamwili za saitokeratini na CD45 hutenganisha mbili hizo, na kipimo cha kirusi ndani ya seli, kiitwacho EBER, huthibitisha zaidi. Kosa hapa ni kubwa, maana moja hutibiwa hasa kwa mionzi na nyingine hasa kwa dawa.

Majibu yakirudi "mchochota wa kawaida, hakuna saratani", msifurahi haraka. Tezi la shingo likiwa bado gumu, au sindano ya shingo ilionyesha saratani, jibu hilo maana yake ni kwamba kinyama kilichukuliwa pasipo ugonjwa. Mgonjwa asiruhusiwe. Apigwe MRI, yaani picha ya sumaku, ya kichumba, chini ya fuvu na shingo, kwa sababu MRI huona uvimbe uliojificha chini ya ngozi ambao kamera haikuuona, kisha arudiwe kwa nusukaputi na vinyama vya kina zaidi. Pale MRI inapopatikana bila foleni ndefu, ni vizuri ipigwe hata kabla ya kinyama cha kwanza, ili damu na uvimbe wa jeraha visichanganywe na ugonjwa. Foleni ikiwa ya wiki kadhaa, kinyama kitangulie. CT huonyesha mfupa wa chini ya fuvu vizuri, lakini nyama laini haizitenganishi kama MRI.

Neno fupi kwa wanaosafisha vyombo. Kamera isuguliwe kwanza kwa sabuni ya vimeng'enya na kusuuzwa, ndipo ilowekwe glutaraldehaidi ya asilimia 2 kwa dakika 20 au kadiri chupa inavyoelekeza. Ikitumbukizwa na makamasi yake, dawa huyagandisha palepale na vijidudu vinabaki chini yake salama salimini. Suuza tena vizuri, mabaki ya dawa hiyo huunguza koo la mgonjwa anayefuata. Ya kupinda ijaribiwe kama inavuja kabla ya kulowekwa. Tundu dogo kwenye gamba lake huua chombo cha mamilioni ya shilingi.

Aliyethibitishwa atapelekwa panapotolewa mionzi, Ocean Road, Bugando au kwingineko, na kabla ya kuanza amwone daktari wa meno, kwa kuwa jino bovu linalong'olewa baada ya mionzi huweza kuacha mfupa wa taya usiopona. Kamera humngojea tena akimaliza, kwa kawaida wiki 12 baadaye. Akichukuliwa kinyama mapema kuliko hapo, darubini inaweza kuonyesha seli za saratani ambazo zimeshapigwa na zinakufa polepole zenyewe, na mtu akaambiwa tiba imeshindwa wakati bado inafanya kazi.

Madaktari wa masikio, pua na koo,
Dar es Salaam